Farasi mwenye mizio ya usubi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tiba za mitishamba

Majibu haya ni ya wenye farasi na masaisi wa Afrika Mashariki, ambako usubi hawapumziki miezi ya baridi kama huko Ulaya. Vipimo vyote ni vya farasi mzima wa kilo 400 hadi 500. Punda, farasi wajawazito na farasi wa mashindano wana majibu yao sehemu ya mwisho.

## Kuutambua ugonjwa

Huu ni ugonjwa gani hasa?

Ni mizio ya ngozi inayoletwa na mate ya wadudu wanaonyonya damu, hasa usubi wa jamii ya Culicoides. Ni wadudu wa milimita 1 hadi 3, na wengi hawawaoni kabisa. Jike peke yake ndiye anayeuma, kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Mate anayoyaacha kwenye ngozi yana protini, na mwili wa farasi mwenye mizio huzichukulia protini hizo kama adui: hutoa kemikali iitwayo histamini, ngozi huvimba na kuwasha ndani ya dakika chache, kisha wimbi la pili la uvimbe hufuata baada ya saa 24 hadi 48.

Wimbi hilo la pili huwachanganya watu wengi. Farasi aliyeumwa Jumatatu jioni anaweza kujisugua vibaya zaidi Jumatano, na saisi akailaumu dawa aliyompaka Jumanne.

Mbona mmoja tu anaumwa na wenzake wako salama?

Wanaumwa wote. Tofauti iko kwenye kinga ya mwili, na sehemu yake ni ya kurithi. Dalili kwa kawaida huanza farasi akiwa na miaka 2 hadi 4, na huzidi mwaka hadi mwaka asipokingwa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa farasi wa Iceland: aliyekulia kisiwani huko, mahali ambapo zamani hapakuwa na usubi hao, kisha akauzwa Ulaya akiwa mkubwa, hupata mizio hii kwa urahisi kuliko ndugu zake wa damu waliozaliwa Ulaya kwenyewe.

Kwa kuwa hurithiwa, dume au jike mwenye ugonjwa mkali asizalishwe, hata awe na mbio au umbo zuri kiasi gani.

Nitajuaje kuwa ni usubi, si upele wala minyoo?

Tazama sehemu zilizoathirika. Mizio ya usubi hupenda mstari wa juu wa mwili: chini ya singa za shingo, mabegani na kwenye shina la mkia. Usubi wengine huuma mstari wa katikati ya tumbo. Singa hukatika na kubaki kama brashi, ngozi hutoka magamba, na baada ya miezi huwa nene yenye makunyanzi.

Farasi anayejisugua mkia tu huku shingo ikiwa safi, mshuku minyoo ya mkunduni kwanza. Bandika kipande cha seloteipu pembeni mwa mkundu asubuhi kabla hajasafishwa, kibandue, umpelekee daktari wa mifugo aangalie mayai kwa hadubini. Chawa huonekana kwa macho ukiifunua singa juani. Upele wa utitiri mara nyingi huanza miguuni, hasa kwa farasi wenye manyoya marefu juu ya kwato. Mabaka ya mviringo yasiyowasha sana huenda yakawa ya kuvu.

Yupo pia mnyoo anayeitwa Onchocerca, anayesambazwa na usubi haohao, ambaye huleta vidonda tumboni, kifuani na usoni. Dawa yake ni ya minyoo (ivermectin), wala hakuna jani litakalomtoa. Ukimpa farasi dawa hiyo, usishangae akiwashwa na kuvimba zaidi kwa siku chache: minyoo inayokufa ngozini huleta uvimbe wake.

## Kuzuia kuumwa

Nimekuja kutafuta mitishamba. Kwa nini mnaanza na banda?

Kwa sababu mitishamba hutuliza ngozi iliyokwisha kuumwa, na michache hufukuza wadudu kwa saa kadhaa. Hakuna hata mmoja unaoondoa mizio yenyewe. Farasi anayepakwa alovera bora kuliko zote kisha akaachwa kando ya dimbwi jioni ataendelea kujisugua, na fedha za dawa zitakuwa zimepotea. Ukiwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu, mwondoe farasi malishoni saa za usubi.

Usubi huuma saa ngapi, na miezi gani?

Kwetu jua huchomoza na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima, kwa hiyo ratiba ni rahisi kushika. Farasi awe ndani kuanzia saa 10:30 jioni hadi saa 2 au 3 asubuhi. Machweo na mapambazuko ndiyo vilele, lakini usubi huruka usiku kucha kama hakuna upepo. Siku ya mawingu, joto na utulivu wanaweza kuuma hata mchana.

Kwa misimu, wanaongezeka wiki chache baada ya mvua kushika, yaani wakati wa masika na tena wakati wa vuli. Pwani na kando ya maziwa hakuna mwezi wa kupumua. Kwenye nyanda za juu zenye upepo, kiangazi huwa na nafuu.

Banda lifanyiwe nini?

Usubi ni warukaji dhaifu. Feni moja kubwa inayopuliza moja kwa moja mgongoni mwa farasi huwashinda kuliko dawa nyingi za kupuliza. Ifunge juu, mbali na mdomo wa farasi, waya zikiwa ndani ya bomba.

Mabuu yao hukua kwenye tope lenye mbolea, majani yaliyooza na kingo za madimbwi. Ondoa samadi kila siku na uirundike mbali. Kisha angalia sehemu ambayo karibu kila mtu huisahau: tope linalozunguka birika la maji. Bomba linalovuja pale hutosha kuzalisha usubi wa boma zima. Tengeneza koki, mwaga kokoto, chimba mfereji.

Chandarua cha mbu kinatosha dirishani?

Hapana. Matundu yake ni makubwa kwa usubi, wanapita wakiwa wamekunja mbawa. Kinachofaa ni wavu wenye matundu madogo kabisa, au chandarua chenye dawa ya permethrin, ambapo mdudu anayegusa nyuzi akipita huathirika. Kumbuka permethrin ni sumu kali kwa paka na samaki.

Lipo pia vazi la wavu mwepesi la kumfunika farasi kuanzia shingo, tumbo hadi mkia. Likivaliwa vizuri hufanya kazi kuliko kitu kingine chochote kwa farasi anayelala nje. Livue kila siku na upitishe mkono mabegani na kifuani, ambako husugua na kuleta vidonda vipya.

Vipi kuhusu moshi wa samadi au majani ya mwarobaini?

Moshi hufukuza wadudu, hilo wafugaji wanalijua tangu zamani. Uuweke uwanjani, upande upepo unakotoka, farasi akiwa huru kusogea. Usiuwashe bandani. Mapafu ya farasi hayastahimili moshi na vumbi vya ndani, na banda lenye majani makavu linashika moto haraka kuliko unavyoweza kufungua milango.

## Mitishamba ya kupaka na kuoshea

Nianze na ipi?

Mwarobaini kwa kufukuza, alovera kwa kupoza, oti kwa kuoshea. Hivi vitatu vinapatikana, ni nafuu, na makosa yake si makubwa. Mengine yote ni nyongeza.

Kabla ya kutumia chochote, kijaribu. Paka sehemu ya ukubwa wa kiberiti ubavuni mwa shingo, mahali pasipo na kidonda, usubiri saa 48. Ngozi ikivimba, ikiwa moto au ikitoka malengelenge, dawa hiyo si ya farasi huyo. Farasi mwenye mizio moja hupata nyingine kwa urahisi.

Mafuta ya mwarobaini yanachanganywaje?

Mafuta ya mbegu za mwarobaini hayapakwi matupu, yanachoma. Mchanganyiko wa kupaka ni huu:

1. Weka chupa ya mafuta ya mwarobaini ndani ya maji ya uvuguvugu kwa dakika 10. Asubuhi za baridi, kama kule Limuru, huganda kabisa.
2. Pima mililita 50 za mwarobaini na mililita 450 za mafuta ya nazi. Koroga mpaka rangi iwe moja.
3. Saa 10 jioni, tenganisha singa kwa vidole na upake juu ya ngozi yenyewe: shingo, mabega, shina la mkia, mstari wa tumbo. Mililita 30 hadi 50 zinatosha farasi mzima. Mafuta yanayodondoka ni mengi mno.
4. Rudia alfajiri kama farasi atatoka mapema.

Kwa kupuliza: lita 1 ya maji ya uvuguvugu, mililita 20 za mwarobaini na mililita 5 za sabuni laini ya maji. Changanya sabuni na mafuta kwanza, ndipo uongeze maji. Ukianza na maji, mafuta yataelea na utapuliza maji matupu mpaka chupa ifike chini, ambako utapuliza mafuta yanayochoma. Tikisa kila baada ya mipulizo michache. Itumie siku hiyohiyo, kwa maana viambato vyake huharibika ndani ya maji na juani.

Majaribio ya maabara yaliyofanywa Uskoti mwaka 2004 yalionyesha kwamba mwarobaini huwafukuza usubi na kuwapunguzia hamu ya kunyonya damu. Maabara si zizi, lakini angalau ni zaidi ya tetesi. Harufu yake ni kali, na farasi wengine huigomea siku mbili tatu za mwanzo.

Sina mafuta, nina mti. Majani yanafaa?

Yanafaa kwa kuoshea, ingawa hayana nguvu ya mafuta ya mbegu. Chemsha nusu kilo ya majani mabichi katika lita 5 za maji kwa dakika 20, funika, acha yapoe, chuja kwa kitambaa. Osha farasi kwanza kwa maji safi, kisha mwagia maji hayo shingoni na mkiani, usisuuze. Mara 2 kwa wiki zinatosha. Maji yanayobaki yamwage, kesho yake huwa yamechacha.

Alovera natumiaje?

Tumia ute mweupe wa ndani pekee. Kata jani nene la chini, lisimamishe wima kwenye kikombe kwa dakika 15 ili utomvu wa manjano utoke wote, halafu menya maganda na uoshe ute kwa maji. Utomvu ule wa manjano unawasha ngozi, na farasi akiulamba unaendesha tumbo vibaya. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, kisha watu husema alovera haimfai farasi.

Ponda ute, upake mara 2 au 3 kwa siku kwenye ngozi yenye joto na wekundu. Kwenye friji hukaa siku 2 au 3. Alovera haifukuzi usubi. Paka alovera mchana, mwarobaini jioni.

Maji ya oti yanasaidia nini?

Hupunguza mwasho na kulainisha magamba. Saga nusu kilo ya oti, ile ya uji wa kifungua kinywa isiyo na sukari wala ladha, iwe unga. Ifunge kwenye kitambaa au soksi safi, itumbukize kwenye ndoo ya lita 10 za maji ya uvuguvugu, ikamue mpaka maji yawe meupe kama tui jepesi. Mwagia farasi aliyekwisha kuoshwa, sugua taratibu kwa kiganja, acha dakika 10, kisha mkaushe kivulini. Usitumie maji ya moto: joto huzidisha mwasho.

Kuosha kwa sabuni kusizidi mara 2 kwa wiki, na farasi asirudi bandani akiwa bado amelowa. Ngozi inayolowa mfululizo hupata bakteria na magamba mengine kabisa, na utadhani mizio imezidi.

Mafuta ya nazi peke yake hufukuza usubi?

Hapana, ingawa dai hili limeenea sana na lina chanzo chake. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa baadhi ya asidi za mafuta zitokanazo na nazi hufukuza wadudu wanaouma kwa muda mrefu. Zilikuwa asidi zilizotenganishwa. Mafuta ya nazi ya chupa, yale ya kupikia, hayakuwa na nguvu hiyo. Kazi yake kwetu ni kubeba mwarobaini na kulainisha ngozi kavu. Tabaka nene pia huwazuia wadudu wadogo kufika ngozini, lakini hukusanya vumbi.

Farasi mwenye ngozi ya waridi usimpake mafuta asubuhi halafu ukamwacha juani.

Karafuu, mchaichai, mkaratusi, mti-chai (tea tree): niongeze matone?

Mafuta haya ya kunukia yana nguvu kuliko yanavyofikiriwa. Kwa mchaichai, mkaratusi na mti-chai, kikomo ni mililita 1 katika mililita 100 za mafuta ya nazi. Kwa karafuu, nusu ya hapo, kwani iujenoli iliyomo huchoma ngozi iliyokwanguka. Zanzibar na Pemba karafuu ni rahisi kupata, na hapo ndipo kosa la kumimina kwa jicho hutokea.

Harufu zote hizi hupotea ndani ya saa chache. Chagua moja, usichanganye nne; farasi akidhurika hutajua ni ipi. Usipake karibu na macho, pua, wala chini ya tandiko au hatamu.

Na pareto?

Huu ndio mmea wetu unaoua usubi kwelikweli. Hulimwa Nakuru na Nyandarua kwa upande wa Kenya, na Mufindi kwa upande wa Tanzania. Viuadudu vyake hushambulia neva za mdudu, na jua huviharibu ndani ya saa chache, kwa hiyo hupulizwa jioni.

Nunua dawa ya pareto iliyosajiliwa kwa mifugo na uchanganye kama lebo inavyosema. Usijitengenezee kwa kusaga maua: hutajua kiwango, na vumbi lake huwasha mapafu yako na ya farasi. Huua nyuki na samaki, kwa hiyo ndoo isioshewe mtoni.

Kuna vidonda wazi. Nipake nini?

Acha mwarobaini na mafuta yote ya kunukia sehemu hiyo. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko 1 cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Paka asali safi, tabaka jembamba, mahali panapoweza kufunikwa kwa kitambaa. Pasipofunikika asali itakuletea nyuki na nzi. Manjano yaliyokorogwa na mafuta ya nazi hutumiwa sana majumbani na hayana madhara makubwa, ila hutia rangi kila kitu na huwezi tena kuona kama wekundu unapungua.

Kidonda chenye usaha, harufu au nyama inayoota nje ni cha daktari.

## Mitishamba ya kulisha

Kitunguu saumu hufanya damu ichukiwe na usubi?

Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba hufanya hivyo. Madhara, kwa upande mwingine, yanajulikana: farasi wanaolishwa kitunguu saumu kwa wingi kwa muda mrefu huharibika chembe nyekundu za damu na kupata upungufu wa damu. Punje moja moja haitamuua. Ila kijiko kikubwa kila siku, mwaka mzima, kwa jambo ambalo halijathibitika, hatukishauri.

Mbegu za kitani je?

Hizi zina nafasi. Zina omega 3, ambayo hupunguza makali ya uvimbe. Katika jaribio dogo la Kanada la mwaka 2002, farasi 6 wenye mizio ya usubi walilishwa kitani kilichosagwa kwa siku 42, na ngozi yao ikapungua kuvimba ilipochomwa kiini cha usubi. Majaribio mengine ya mafuta ya kitani hayakuonyesha tofauti, kwa hiyo usiyategemee peke yake.

Kiwango cha kuanzia ni gramu 50 kwa siku, ongeza polepole kwa wiki 2 hadi gramu 150 au 200. Saga zikiwa kavu na uzilishe siku hiyohiyo, zikikaa huchacha. Usiziloweke usiku kucha bila kuzichemsha, maana mbegu mbichi zilizolowekwa zinaweza kutoa sumu ya sianidi. Usitarajie tofauti kabla ya wiki 6.

Manjano kwenye pumba?

Mwili wa farasi hunyonya kidogo sana. Kwa farasi mwenye vidonda vya tumbo yanaweza kumzidishia. Yaache jikoni.

Mwarobaini wa kunywesha?

Usinyweshe. Ni mchungu kiasi kwamba wengi watakataa, na kwa jike mwenye mimba ni hatari.

## Mambo yanapoharibika

Nimepaka dawa na amezidi kuvimba. Nifanyeje?

Osha yote kwa sabuni laini na maji mengi ya baridi, mara 2. Mwekee ute wa alovera au kitambaa chenye maji baridi. Usipake kitu kingine kwa siku 3. Kabla ya kuilaumu dawa, kumbuka lile wimbi la pili la uvimbe lililoelezwa kwenye swali la kwanza: jiulize farasi alikuwa wapi jioni ya juzi. Uvimbe wa mizio ya dawa hufuata mipaka ya mahali ulipopaka, wa usubi haufuati.

Sababu za kawaida, kwa uzoefu wa mabanda mengi, ni mwarobaini mtupu, utomvu wa alovera, na kupaka juu ya ngozi iliyonyolewa siku hiyohiyo.

Wazee walitumia oli chafu na mafuta ya taa. Ubaya ni upi?

Oli ya gari iliyotumika ina metali nzito na mabaki ya moto, na huingia mwilini kupitia ngozi na kwa kulamba. Mafuta ya taa huunguza ngozi mpaka ibanduke. Jik nayo huua ngozi pamoja na vijidudu. Farasi huacha kujisugua kwa siku mbili kwa sababu anaumia, na watu huita hiyo nafuu.

Nina dawa ya kuogeshea ng'ombe. Naweza kumpulizia farasi?

Soma lebo kwanza. Ikiwa ina amitraz, usithubutu. Dawa hiyo ya kupe, iliyozoeleka sana kwa ng'ombe wetu, husimamisha utumbo wa farasi na kumletea msokoto wa tumbo unaoweza kumuua. Pia usitumie bomba la kupulizia lililokuwa na amitraz, hata kama limesuuzwa. Weka la farasi peke yake na uliandike.

Utupa na tumbaku ni mitishamba pia, sivyo?

Ni mitishamba, na ni sumu. Utupa ndio ule unaotumika kulevya samaki. Nikotini ya tumbaku hupenya ngozi ya farasi na ya saisi anayeipaka bila glavu. Unyaa nao uache uani: utomvu wake hupofusha.

## Hali maalum

Farasi ana mimba au ananyonyesha.

Oti, ute wa alovera wa kupaka na mafuta ya nazi vinafaa. Mwarobaini usiwekwe karibu na chuchu, wala kiwango kisizidi mililita 5 katika 100. Mafuta ya kunukia yaache kabisa mpaka mtoto aachishwe. Mtoto wa farasi chini ya miezi 6 mkinge kwa banda, feni na wavu tu.

Farasi wa mbio au wa kuruka viunzi.

Hata kitu cha kupaka huonekana kwenye vipimo vya dawa zilizokatazwa mashindanoni. Kwenye Olimpiki ya mwaka 2008, mashindano ya farasi yalipofanyika Hong Kong, baadhi ya farasi walitolewa kwa kapsaisini, ambayo ni ukali wa pilipili na imo kwenye marhamu nyingi za kuchua. Mpe daktari wa klabu orodha ya kila unachopaka na kulisha, pamoja na lebo, kabla ya kujiandikisha. Maneno "asilia" kwenye chupa hayamaanishi kuwa imeruhusiwa.

Punda nao hupata?

Hupata, na huonyesha kidogo kuliko farasi. Punda aliyenyamaza si lazima awe mzima; angalia singa na mstari wa tumbo. Punda wa kilo 150 mpe theluthi ya kiwango cha kulisha kilichotajwa. Mchanganyiko wa kupaka ni uleule kwa nguvu, unatumia kidogo tu. Kwa punda wa mizigo, usipake mafuta mahali matandiko yanapokaa, hugeuka gundi ya vumbi na kuchubua.

Akiwa amepakwa mwarobaini, bado anahitaji chanjo ya homa ya farasi?

Anahitaji. Usubi haohao, hasa Culicoides imicola, ndio wanaosambaza virusi vya homa ya farasi ya Afrika, na punda milia hubeba virusi hivyo bila kuugua. Mwarobaini hupunguza idadi ya wanaouma, ila mmoja mwenye virusi anatosha. Chanjo hutolewa kila mwaka kwa ushauri wa daktari wa mifugo wa eneo lako. Kila unachofanya kuzuia usubi bandani kinasaidia magonjwa yote mawili.

Ni lini niache mitishamba na kumwita daktari?

Mwite siku hiyohiyo ukiona damu au usaha sehemu kubwa, farasi asiyekula, au anayejisugua hata mchana kweupe bila kutulia. Daktari anaweza kumchoma deksamethasoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe na mizio. Hufanya kazi upesi, lakini ikirudiwarudiwa inaweza kuleta uvimbe wa ndani ya kwato unaolemaza, kwa hiyo usiinunue mwenyewe dukani. Mwambie kila ulichopaka.

Dharura ni nyingine. Yale mabonde mawili juu ya macho yakijaa na kuvimba, joto likapanda juu ya nyuzi 39 (la kawaida ni 37.5 hadi 38.5), akahema kwa shida au povu likatoka puani, hiyo huenda ni homa ya farasi. Mweke ndani, feni ikiwaka, usimkimbize wala kumpanda, piga simu kwa daktari, kisha uwapime joto waliobaki asubuhi na jioni.